Lengo Linaloonekana: Familia na Wahudumu Katika Kuandika Malengo ya Mtu Mzima Mwenye Ulemavu

Kijarida hiki kinahusu nini

Katika kaya zinazozungumza Kiswahili hapa Midrand, kuanzia Ivory Park na Rabie Ridge hadi Halfway House na Noordwyk, wamo watu wazima wenye ulemavu wa akili, wenye usonji, na waliopata ulemavu kwa ajali au kiharusi. Baadhi yao huenda kituo cha kutwa asubuhi na kurejea jioni. Wengine huishi katika makazi ya malezi, na wengine huhudumiwa nyumbani na mhudumu anayelipwa. Kila mahali ambapo huduma hutolewa na watu wasio wa familia, yapasa uwepo mpango wa huduma ulioandikwa. Na ndani ya mpango huo huwekwa malengo yanayohusu matendo ya kila siku: kula, kuoga, kuomba msaada, kutulia anapokasirika, kutoka nje kwa usalama.

Aghalabu familia huitwa kwenye kikao, husomewa malengo hayo kwa lugha isiyo yao, hutia saini na kuondoka. Kijarida hiki kinaeleza kwa nini saini hiyo isiharakishwe, lengo zuri huandikwaje, na ni mambo gani ambayo familia peke yake inayajua na wahudumu hawawezi kuyaandika bila kuambiwa.

Kwa nini maandishi yana uzito

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu anayetegemea wengine kwa chakula, dawa na usafi naye yumo katika hatari hiyo, na jimbo la Gauteng limeyaona hayo kwa uchungu. Mwezi Oktoba 2015, Idara ya Afya ya jimbo ilitangaza kusitisha mkataba wake na vituo vya Life Esidimeni, vilivyokuwa vikiwatunza watu wenye maradhi ya akili na ulemavu mzito wa akili. Katika miezi iliyofuata, zaidi ya watu 1,300 walihamishwa, wengi wao wakipelekwa kwenye mashirika yasiyo na uwezo wa kuwatunza. Baadhi walifika bila majalada yao, bila vitambulisho na bila dawa za kutosha. Mhudumu aliyempokea mtu asiyeweza kusema hakuwa na karatasi ya kumweleza huyu hulishwa vipi, huogopa nini, wala huonyeshaje kwamba anaumwa.

Ripoti ya Profesa Malegapuru Makgoba, aliyekuwa mchunguzi wa taifa wa malalamiko ya afya, ilitolewa Februari 2017 na kueleza kwamba mashirika 27 yaliyowapokea yalikuwa na leseni zisizo halali. Hadi Jaji mstaafu Dikgang Moseneke alipotoa uamuzi wa usuluhishi Machi 2018, waliokufa walikuwa wamehesabiwa kufikia 144.

Vifo hivyo vilisababishwa na mambo makubwa kuliko ukosefu wa karatasi. Hata hivyo tukio hilo lafundisha jambo moja ambalo kila familia inaweza kulitenda: yale yanayojulikana kuhusu mtu wao yaandikwe kwa maneno ambayo mhudumu mgeni, katika siku yake ya kwanza ya kazi, anaweza kuyasoma na kuyafuata. Tena nakala moja ibaki nyumbani.

Tabia ni tendo, wala si hulka

Katika Kiswahili neno “tabia” mara nyingi hutumika kuhukumu: fulani ana tabia nzuri, fulani hana tabia. Katika mpango wa huduma neno hili lina maana finyu zaidi. Tabia ni tendo ambalo mtu aliyesimama pembeni anaweza kuliona au kulisikia, na akalihesabu. “Mkaidi”, “msumbufu”, “mvivu” na “ana hasira” ni hukumu juu ya mtu. “Hutupa sahani sakafuni”, “hujifungia chooni”, “hulia kwa sauti mhudumu anapobadilika” ni matendo.

Tofauti hii ina athari. Wahudumu wawili wakiambiwa wahesabu ni mara ngapi mtu “alikuwa mkaidi” leo, mmoja atasema mara mbili na mwingine mara kumi. Wakiambiwa wahesabu ni mara ngapi alitupa sahani, watakubaliana. Aidha, neno la hukumu likishaingia kwenye jalada humfuata mtu kwa miaka mingi. Mhudumu mpya humwogopa kabla ya kumsalimu.

Kwa hiyo, kikao kinapotaja neno la hukumu, familia inaweza kuuliza swali moja tu: “Anapofanya hivyo, huonekana akitenda nini hasa?” Jibu la swali hilo ndilo linalofaa kuandikwa.

Sehemu sita za lengo lililo wazi

Mwaka 1962 Mmarekani Robert Mager alichapisha kitabu kuhusu uandishi wa malengo ya mafunzo, akasisitiza mambo matatu: tendo, hali ambamo tendo litafanyika, na kiwango cha kutosheleza. Katika huduma za watu wenye ulemavu huongezwa mengine, na lengo lililokamilika huwa na sehemu sita:

1. Mtu mwenyewe. Lengo litaje atakachofanya yeye. Kitakachofanywa na mhudumu huandikwa kando kama wajibu wa mhudumu.
2. Hali. Ni wakati gani, mahali gani, na mbele ya nani.
3. Tendo. Kitenzi kinachoonekana: atainua, atasema, atavaa, ataosha, atasimama. Vitenzi kama “ataelewa”, “atajali” na “atajirekebisha” havionekani kwa macho.
4. Msaada. Je, atakumbushwa kwa neno, kwa ishara, kwa picha, au ataongozwa kwa mkono?
5. Kiwango. Mara ngapi kati ya ngapi, au kwa muda gani.
6. Tarehe. Lini lengo litapimwa, na nani atalipima.

Kabla ya kuweka kiwango, hali ya sasa ihesabiwe kwa wiki moja au mbili. Mtu anayejivalisha shati siku 2 kati ya 10 hawezi kutakiwa kufikia siku 10 mwezi ujao. Siku 4 ni hatua ya haki. Haba na haba hujaza kibaba, na lengo lisilofikika humvunja moyo yeye na mhudumu wake.

Kiwango hutegemea pia hatari. Kukunja nguo mara 8 kati ya 10 kunatosha, kwa kuwa nguo isiyokunjwa haimdhuru mtu. Kuvuka barabara au kuzima jiko hakuwezi kupimwa hivyo. Katika mambo ya aina hiyo mhudumu hubaki karibu hadi tendo lifanyike sawasawa kila mara, kwa muda mrefu na katika mazingira mbalimbali.

Kipimo cha mfu

Katika miaka ya 1960, mwanasaikolojia wa Marekani Ogden Lindsley aliwapa walimu kipimo kilicho rahisi kukumbukwa: ikiwa mfu anaweza kulitimiza, basi hilo si tabia. “Hatapiga kelele” ni jambo ambalo mfu hulitimiza bila kosa. Kadhalika “atakaa kimya”, “hatasumbua wenzake” na “hatatoka kitandani usiku”.

Malengo ya namna hii ni ya hatari, kwa sababu yanaweza kutimizwa kwa njia mbaya. Mtu aliyelegezwa kwa dawa nyingi hapigi kelele. Mtu aliyefungiwa chumbani hasumbui wenzake. Karatasi itaonyesha kwamba lengo limefikiwa, ilhali maisha yake yamezidi kuwa finyu.

Kila “hatafanya” igeuzwe kuwa “atafanya”. Badala ya “hatapiga kelele akitaka maji”, iandikwe “akitaka maji, atagusa kikombe au atasema ‘maji’”. Lengo la aina hii humpa mtu njia mpya ya kufikia alichokuwa akikitafuta kwa kelele.

Kwanza sababu, kisha lengo

Tendo linalosumbua mara nyingi ni ujumbe. Asiyeweza kusema “jino linauma” anaweza kujipiga shavu. Asiyeweza kusema “nimechoka” anaweza kutupa kiti. Kwa sababu hiyo, tendo jipya linapoanza ghafla, uchunguzi wa afya hutangulia: meno, masikio, macho, kufunga choo, maumivu ya tumbo au mkojo, usingizi, na dawa zilizobadilishwa karibuni. Kumwandikia mwenye jino bovu lengo la kutulia ni kumwongezea mateso.

Afya ikishachunguzwa, hufuata daftari la mambo matatu, ambalo hujazwa nyumbani na kituoni kwa wiki mbili:

- Kabla: nini kilikuwa kikiendelea, nani alikuwapo, ilikuwa saa ngapi.
- Tendo: alifanya nini hasa, na kwa muda gani.
- Baada: watu walifanya nini, naye akapata nini au akaepuka nini.

Baada ya wiki mbili mara nyingi huonekana mfuatano. Pengine sahani hutupwa tu siku ambazo chumba cha kulia kimejaa na redio imefunguliwa kwa sauti, na kila inapotupwa mtu huyo huondolewa chumbani. Basi alichokuwa akikitafuta ni utulivu, na lengo humfundisha kuuomba utulivu huo kwa njia nyingine.

Lugha, dini na desturi: ambayo familia peke yake inayajua

Wahudumu wengi wa Midrand huzungumza isiZulu, Sepedi, Xitsonga au Kiingereza. Kiswahili si mojawapo ya lugha 12 rasmi za Afrika Kusini. Mtu mzima aliyelelewa kwa Kiswahili akiambiwa “keti” kwa lugha nyingine asiketi, huenda hakukaidi; hakuelewa. Kabla ya kuandika kwamba mtu “hafuati maagizo”, ijulikane kwanza maagizo yalitolewa kwa lugha gani. Familia yaweza kuandaa karatasi ya maneno 20 ayajuayo, yakiandikwa jinsi yanavyotamkwa, pamoja na ishara anazotumia: njoo, ngoja, basi, maji, choo, kuumwa, nyumbani, pole, tayari.

Yapo pia mambo ambayo mgeni huyaona kama kasoro, ilhali ni malezi mema:

- Kumtazama mtu usoni. Lengo la “kumtazama mhudumu machoni” huandikwa mara kwa mara. Katika nyumba nyingi za pwani na bara, kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima. Tena, kwa baadhi ya wenye usonji, kutazamana ni adha. Kinachohitajika ni kujua kama amesikia, na hilo laweza kupimwa kwa kuitikia, kugeuka au kutikisa kichwa.
- Kula kwa mkono. Lengo la “atatumia kijiko” lina maana kwa asiyeweza kula vinginevyo. Kwa mtu anayekula ugali au wali vizuri kwa mkono wa kulia, kama wanavyokula watu wazima wa nyumbani kwao, hakuna tatizo la kutatuliwa. Lengo linaloweza kuwa na faida hapo ni kunawa kabla na baada ya kula.
- Maji msalani. Aliyezoea kujitwaharisha kwa maji anaweza kukataa choo chenye karatasi tu, au akalowesha sakafu kwa kutafuta maji. Kopo moja la maji laweza kuondoa haja ya lengo zima.
- Stara na jinsia ya mhudumu. Mwanamke anayepiga makelele anapovuliwa nguo na mwanamume huenda analinda stara yake. Ombi la mhudumu wa jinsia moja naye wakati wa kuoga liandikwe kwenye mpango.
- Swala, chakula na Ramadhani. Nyakati za swala na vyakula visivyoliwa vitajwe mapema. Suala la kufunga, hasa kwa anayetumia dawa za kifafa, kisukari au afya ya akili, lizungumzwe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, ili ratiba ya dawa isivurugwe.
- Barabara. Aliyekulia Kongo, Rwanda au Burundi amezoea magari yanayopita kulia, hivyo hutazama kwanza kushoto. Afrika Kusini, kama Tanzania na Kenya, magari hupita kushoto, na gari la kwanza hutokea upande wa kulia. Mhudumu asiyelijua hili anaweza kudhani mtu huyo hana uangalifu, kumbe anafuata kwa makini kanuni ya kwao.

Lengo ni la nani?

Swali la mwisho kabla ya kuandika ni hili: lengo hili litamfaa nani? Iwapo jibu ni kwamba litamrahisishia kazi mhudumu au litawapumzisha jirani, lengo hilo lirudiwe. Sheria ya Huduma za Afya ya Akili ya Afrika Kusini, namba 17 ya mwaka 2002, inasema kwamba matunzo, matibabu na urekebishaji visitumike kama adhabu, wala kwa ajili ya kuwarahisishia watu wengine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Afrika Kusini mwaka 2007, unaheshimu uhuru wa mtu wa kujichagulia.

Mtu mzima mwenye ulemavu ni mtu mzima. Ana haki ya kukataa chai, kulala saa nne badala ya saa mbili, kupenda muziki na kuchoshwa na wageni. Familia nazo hukosea hapa, kwa mapenzi: humwita “mtoto” mtu wa miaka 40 na kumjibia kila swali. Katika kikao aulizwe yeye kwanza, kwa lugha yake, kwa picha au kwa vitu vyenyewe ikibidi, naye apewe muda. Asiyesema kwa maneno huonyesha anachokipenda kwa kukiendea, na asichokipenda kwa kukikimbia. Hayo nayo ni majibu, na yaandikwe.

Mifano mitatu

Mifano hii imetungwa kwa ajili ya mafunzo.

*Mfano wa kwanza.* Kijana wa miaka 27 mwenye usonji hupiga meza wakati wa chakula cha mchana kituoni.
Lilivyoandikwa awali: “Apunguze fujo mezani.”
Lilivyorekebishwa: “Chumba cha kulia kinapokuwa na kelele, atainua kadi ya kijani au atasema ‘nje’, kisha ataenda kuketi kibarazani, kwa kukumbushwa kwa ishara moja tu, katika milo 8 kati ya 10. Lengo litapitiwa na muuguzi mkuu baada ya wiki 6.”
Wajibu wa wahudumu: kumruhusu atoke papo hapo kila anapoinua kadi, na kumwekea chakula chake. Kadi isipoheshimiwa, atajifunza kwamba meza husikilizwa zaidi kuliko kadi.

*Mfano wa pili.* Mama wa miaka 45 aliyepatwa na kiharusi hukataa kuogeshwa.
Awali: “Akubali kuoga bila ubishi.”
Baadaye: “Mhudumu wa kike atakapomwekea maji ya vuguvugu, kopo na khanga ya kujifunika, ataosha uso, mkono wa kushoto na kifua mwenyewe, akisaidiwa mgongo na miguu, siku 5 kati ya 7. Litapitiwa baada ya mwezi mmoja.”
Wajibu wa wahudumu: kubisha hodi, kumweleza kila hatua kabla ya kumgusa, na kusimama pindi anaposema “basi”.

*Mfano wa tatu.* Mwanamume wa miaka 34 mwenye ulemavu wa akili anataka kwenda dukani mwenyewe kununua mkate.
Awali: “Aongeze kujitegemea.”
Baadaye: “Akiwa na orodha yenye picha na noti ya randi 50, atachukua mkate, atampa muuzaji noti, na atangoja chenji kabla ya kuondoka, mhudumu akiwa mlangoni bila kusema, katika safari 4 kati ya 5. Litapitiwa baada ya miezi 2.”
Barabara ya kwenda dukani ina lengo lake peke yake: kusimama ukingoni, kutazama kulia, kushoto, na tena kulia, mhudumu akiwa ubavuni, kila safari bila kukosa.

Katika mifano yote mitatu, lengo la kwanza lingeweza kudumu kwenye jalada kwa miaka kumi pasipo mtu kujua kama limefikiwa. La pili litajulikana kwa kuhesabu tu.

Kupima na kurekebisha

Lengo lisilopimwa ni matumaini tu. Kila zamu iweke alama rahisi: alifanya mwenyewe, alifanya kwa msaada, hakufanya, au nafasi haikupatikana. Alama ya mwisho ni muhimu. Mtu ambaye hakupelekwa dukani mwezi mzima hakushindwa kununua mkate. Hakupewa nafasi, na kasoro ni ya huduma.

Ikiwa baada ya wiki kadhaa hakuna mabadiliko, kinachochunguzwa kwanza ni lengo lenyewe: je, hatua ni kubwa mno, msaada ni mdogo, sababu ilikosewa, au wahudumu hawafanyi kwa namna moja? Likifikiwa, furaha isiwe mwisho wa kazi. Huandikwa hatua inayofuata, na ya kwanza huendelea kutumika nyumbani pia, ili kijana anayeinua kadi ya kijani kituoni asikute kwamba nyumbani kadi hiyo haina maana.

Siku ya kikao: maswali ya kwenda nayo

- Je, mwenyewe ameulizwa, na kwa lugha gani?
- Tendo lililotajwa linaonekana na kuhesabika?
- Je, mfu angeweza kulitimiza lengo hili?
- Sababu za kiafya zimechunguzwa?
- Hali ya sasa ni ipi, kwa tarakimu?
- Mhudumu atafanya nini, na atafanya nini lengo lisipofikiwa?
- Litapimwa lini, na nani atatuita?
- Tunaweza kupata nakala leo?

Sheria ya Afya ya Taifa, namba 61 ya mwaka 2003, inamtaka mtoa huduma, inapowezekana, ampe mhudumiwa taarifa kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Kwa hiyo kuomba mkalimani si usumbufu. Ombi litolewe siku kadhaa kabla, kwa maandishi. Isitegemewe tafsiri ya mtoto wa shule: ataogopa kutafsiri maneno mazito kuhusu ndugu yake, na hapaswi kubebeshwa mzigo huo. Saini si lazima itiwe siku hiyo hiyo. Ni halali kuomba kwenda kusoma kwanza.

Nakala ya mpango ni siri ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2013 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Picha za ukurasa wa jalada, au video ya mtu akiwa katika hali ya kuchanganyikiwa, zisipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo au ya jumuiya, hata kwa nia ya kuomba dua.

Mambo yasiyokubalika, na mahali pa kupeleka malalamiko

Hakuna lengo linaloruhusu kumpiga mtu, kumnyima chakula, kumnyima swala au simu ya familia, kumfungia chumbani kama adhabu, au kumpa dawa ya kutuliza ili tu zamu ipite kwa utulivu. Maneno kama “atapata chakula akitulia” yakionekana kwenye mpango, yakataliwe papo hapo. Sheria ya mwaka 2002 inamtaka yeyote anayeshuhudia mtumiaji wa huduma za afya ya akili akidhulumiwa atoe taarifa.

Malalamiko huanza kwa meneja wa kituo, kwa maandishi yenye tarehe. Yasiposikilizwa, yapo mabaraza zaidi: Bodi ya Mapitio ya Afya ya Akili ya jimbo, ofisi ya taifa ya mchunguzi wa malalamiko ya afya, na Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini. Panapokuwa na hatari ya papo kwa papo, polisi hupigiwa 10111, gari la wagonjwa 10177, na kwa simu ya mkononi 112.

Familia za wahamiaji huogopa kulalamika kwa kuhofia karatasi zao za ukaazi. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, inapotaja utu na huduma za afya, husema “kila mtu”. Haikusema “kila raia”. Pia inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

La kufanya juma hili

Karatasi moja inatosha kwa kuanzia. Upande wa kwanza: maneno 20 anayoyajua, anavyoonyesha maumivu, anachokipenda, kinachomtia hofu, na dawa zake. Upande wa pili: jambo moja ambalo mwenyewe angependa aweze kulifanya mwaka huu. Karatasi hiyo ipelekwe kituoni na nakala yake iwekwe nyumbani, mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba anapajua. Kikao kitakapofika, upande wa pili ndio usomwe kwanza.